Kiota Juu ya Bafu la Mzee Makokha

Jumamosi ya mwanzo wa Juni, mwaka wa 1966, asubuhi ambayo wakwe walikuwa wakitarajiwa nyumbani kwangu, mimi, mama mzima wa miaka arobaini na ushei, mwalimu mwenye cheti cha chuo, mtu anayekaa benchi la mbele kanisani, nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko langu, nimevaa gomesi mpya, lile vazi la heshima la wanawake wa huku, darubini machoni, nachungulia kiota cha ndege. Naliandika jambo hili waziwazi kwa sababu wengi wenu mmeshalisikia likisimuliwa pale yanapoegeshwa malori na kule sokoni, kila msimuliaji akitia chumvi yake, na nimeambiwa kuna watu Funyula wanaosema ati nilikuwa nimepanda mti. Sikupanda mti. Aibu niliyoipata inanitosha, sihitaji ya kuongezewa.

Nianze na ndege, maana bila ndege mtaniona kichaa (na hata pamoja na ndege wapo wanaoniona hivyo). Kuwapenda nilijifunza chuoni. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetutoa mabwenini kabla jua halijapanda, akatutembeza kimyakimya kando ya mto, na ole wako ukohoe. Wenzangu waliyachukia matembezi yale kama uji usio na sukari, lakini mimi yakaniingia. Baadaye, nilipokuwa nafundisha, mwalimu mkuu wetu Mzungu alipofunga masanduku yake kurudi kwao aliniachia darubini, nzito kama jiwe la kusagia, na tangu siku hiyo sikuwa tena na Jumamosi ya bure. Wala msidhani ni lazima mtu aende porini. Pale machinjioni Busia kuna wale korongo wenye vipara, wanasimama katikati ya damu na mavi ya ng'ombe kama makarani wanaongoja ofisi ifunguliwe. Kuna mwewe anayeweza kukunyang'anya nyama mkononi ungali unabishana na mchinjaji juu ya mfupa. Kuna mbayuwayu waliojenga chini ya paa la ofisi ya forodha, wao wanaingia Uganda na kutoka siku nzima na hakuna anayewauliza wamebeba nini. Mimi niliwaangalia wote hao, na watu waliniangalia mimi.

"Mwalimu," waliniuliza, "hao ndege watakupa nini?"

Kisha siku moja askari wa mpakani akanisimamisha, kwa adabu lakini bila kutabasamu, akataka kujua naangalia nini upande wa pili, na tangu hapo nikaamua darubini haitatoka tena nje ya ua wangu. Nilijiona mtu mwenye busara sana kwa uamuzi huo.

Mwaka ule, mvua ndefu zilipoanza kupungua, chozi jike alikuja kujenga karibu yetu. Chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya gunia, anayefyonza maua. Dume lake lilikuwa na kifua chekundu kama kaa la moto, na kama madume wengi lilikaa juu ya mpera likipiga kelele wakati jike linafanya kazi. Jike ndilo lililoleta nyasi, na manyoya, na utando wa buibui, likasuka kifuko kinachoning'inia, chenye kibaraza kidogo juu ya mlango. Sasa, katika miti yote ya Busia, na nyaya zote, na mapaa yote, ndege yule alichagua waya wa kuanikia nguo wa jirani yangu, Mzee Makokha, na katika urefu wote wa waya ule alichagua pale unapopita juu ya bafu.

Bafu lenyewe lilikuwa nguzo nne na kuta za mafunjo, bila paa, kama mabafu mengi ya vyumba vya kupangisha. Mzee Makokha alikuwa na ploti ya vyumba hivyo, akipangisha madereva na makarani, na kati ya ploti yake na yangu palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo ambalo kuku wake na wangu walikwisha kulifanya njia. Ukisimama chini huoni kitu, mafunjo yanakuzuia. Ukipanda kichuguu, kiota unakiona vizuri. Nilipanda kichuguu kile asubuhi nyingi, na kabla ya siku ile sikuwahi kukuta mtu anaoga, kwa sababu wapangaji wake walikuwa watu wa safari, wanaondoka usiku bado haujaisha.

Huyu Mzee Makokha ndiye pia aliyekuwa mshenga wetu. Binti yangu wa pekee, Nabwire, aliyekuwa akipiga taipu katika ofisi moja hapa mjini, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Ojiambo, karani wa mizigo kule Malaba. Baba yake Nabwire alikwisha kufariki, hivyo shemeji yangu Wandera, wa Mundika, ndiye aliyesimama mahali pake. Mimi kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, amefunga tai. Ndivyo inavyotakiwa kwetu. Mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Na mmoja akimwona mwenzake hana nguo, hilo si jambo la kuomba radhi likaisha.

Mzee Makokha aliijua mila hiyo kuliko sisi sote, na ndiyo maana tukafika hapa tulipofika. Aliniambia wageni wangefika adhuhuri. Jambo ambalo hakuniambia (na kwa mila hakuwa na haja ya kuniambia, maana mama mkwe hana sababu ya kujua mkwe wake amelala wapi) ni kwamba Ojiambo alikuwa amefika usiku, kwa lori, mwenye vumbi kutoka utosini mpaka kwenye soksi, na kwamba kwa kuwa ilikuwa mwiko kabisa kuoga kwenye ua wangu, alipewa chumba na beseni la maji upande wa pili wa minyaa, ili mimi na yeye tusionane.

Asubuhi ile nilikuwa jikoni na Nabwire. Kuku walikuwa wamechemka, wimbi limesagwa, nyumba imefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Nikasikia vifaranga. Ukivizoea vile vilio vyembamba utajua tofauti kati ya njaa na kujiandaa kuruka, na mimi nilikuwa nimevizoea. Darubini ilikuwa kwenye msumari wake ukutani.

"Mama, utachafua gomesi," Nabwire alisema.

"Nakwenda mara moja, nione kama wameshatoka."

"Leo, Mama? Leo?"

"Dakika moja tu."

Nikapanda. Umande ulikuwa bado haujakauka, nikashika pindo la gomesi kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikaiweka darubini machoni, na dunia yote ikawa duara moja lenye kiota katikati. Kifaranga mmoja alikuwa ametoa kichwa na kifua kwenye kibaraza. Mama yake alikuwa juu ya waya, ana buibui mdomoni, hampi, anamwita ili aje mwenyewe. Nilikuwa nimeomba miaka mingi nione jambo hilo. Kisha chini ya duara kitu cheupe kikasogea, nikadhani ni nguo iliyoanikwa, na kwa kuwa kilikuwa hafifu nikafanya kile ambacho kidole cha mtu aliyezoea darubini hufanya bila kuamriwa: nikazungusha kile kigurudumu ili nione vizuri.

Nikaona vizuri. Kilikuwa kichwa cha mwanamume, chote povu la sabuni, na mabega. Alikuwa mrefu kupita mafunjo. Akafumbua macho, na macho yale yakatazama moja kwa moja ndani ya darubini yangu.

Nilidhani ni mpangaji. Naapa nilidhani ni mpangaji, nikaishusha darubini kwa haya ile ya kawaida ambayo mtu yeyote angeipata, na kama mambo yangeishia hapo ningecheka siku ile ile jioni. Lakini wageni nao walikuwa wamewahi. Wakati ule ule niliokuwa juu ya kichuguu, gomesi yangu ya rangi ya machungwa ikiwaka juani kama bendera, msafara wao ulikuwa ukiingia kwa kijia cha nyuma, mbele yao shangazi yake Ojiambo, Shangazi Perepetua, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Ooo! Huyo juu ya kichuguu si mama ya bibi harusi?" akapaza. "Mama! Unatafuta sisi kwa miwani? Tumefika! Tuko hapa chini!"

Walicheka wote, cheko la watu waliokuja kwa wema. Lakini sauti ile ilimfikia na mwenye povu. Akajua ni shangazi yake, na kwa hiyo akajua mimi ni nani. Akainama kwa haraka, akavuta taulo lake. Taulo lilikuwa juu ya waya, waya ulikuwa umefungwa kwenye nguzo, na nguzo ilikuwa imeozeshwa na mvua za miezi mitatu. Yote yakaja pamoja. Ukuta wa mafunjo ulioelekea kwetu ulilala chini polepole, kwa heshima, kama mtu anayepiga magoti.

Mama mwenye akili, mama aliyelelewa kwetu, wakati huo hufunika uso kwa mikono miwili, hugeuka, na hukimbia kuelekea nyumbani kwake huku akipiga kelele ili kila mtu asikie kwamba anakimbia. Hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa nimeona kiota kikianguka pamoja na waya. Niliona kifuko kile kikigonga tope la sabuni, nikaona mama chozi akizunguka juu yake, na miguu yangu ikashuka kichuguu, ikapita pengo la kuku, ikanipeleka pale.

Niliokota kiota. Kifaranga mmoja alikuwa amekufa, mwingine alikuwa anapumua kwa mdomo wazi. Nilipoinua macho, Ojiambo, yule yule wa kwenye picha, alikuwa hatua chache mbele yangu, amejikinga kwa beseni, povu likimtiririka kifuani, taulo limenaswa kwenye waya miguuni pake, na kwa kuwa alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na kwa kuwa hofu humrudisha mtu kwenye yale aliyofundishwa kwanza, alinisalimia kwa lugha ya kwetu:

"Mulembe, Mama."

Na mimi (hili ndilo linaloniamsha hadi leo), mimi nilijibu. "Mulembe muno, mwanangu."

Ndipo nyuma yangu msafara mzima ukasimama kwenye pengo la kuku.

Sikumbuki nilivyorudi jikoni. Nabwire alifunga mlango, akanivua darubini shingoni kama unavyomvua mgonjwa viatu. Kutoka sebuleni tulisikia yote, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na ukuta wa udongo lakini mlango wa jikoni ulikuwa mbao mbili tu.

"Kumwona ni ajali," Shangazi Perepetua alikuwa akisema. "Hata mimi naweza kuona mtu, macho haina mlango. Lakini kumfuata? Mama ametoka kwa kichuguu, amepita kwa minyaa, amefika. Alikuwa anaenda wapi?"

"Alienda kuokota ndege," Mzee Makokha alijibu.

"Ndege gani?"

"Ndege tu. Hawa wadogo."

"Ni ya kula?"

"Hapana. Ni ya kuangalia."

"Kuku iko kwa sufuria, wageni wako kwa mlango, na mama anaenda kuokota ndege ya kuangalia. Makokha, wewe ni mzee. Hiyo maneno wewe mwenyewe umeiamini?"

"Bafu ni yangu," Mzee Makokha alisema kwa unyonge. "Mimi ndiye niliweka kijana huko, ndio wasionane. Mimi nilikuwa nafuata mila."

"Umefuata mpaka umefikisha!" sauti nyingine ikasema, na pakawa na kicheko kilichozimwa upesi.

"Na wakasalimiana," akaongeza Shangazi Perepetua. "Hiyo ndiyo imenimaliza mimi. Wakasalimiana kama watu wamekutana sokoni."

Baada ya muda shemeji yangu Wandera aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda, akavua kofia. Alikuwa mtu mpole, na siku ile alionekana kama amenibeba mimi na ukoo wote mgongoni.

"Mwalimu, wanataka kondoo."

"Kondoo si yupo?"

"Kondoo si shida. Atachinjwa, utapakwa yale majani ya tumboni mwake ya utakaso, kijana atapakwa, tutakula, itaisha. Lakini kuna maneno ya kusema mbele ya wamama. Utasema ulimwona, na ulimfuata. Ukishasema, inatupwa pamoja na yale matumbo, hakuna mtu atakumbusha tena."

"Shemeji, mimi nimeona povu. Povu na kichwa."

"Na ulienda."

"Nilikwenda kwa ajili ya ndege."

"Ndiyo hiyo sasa. Si ulienda? Sema ulienda."

"Hawataki niseme nilikwenda. Wanataka niseme nilimfuata mtoto wa watu akiwa uchi."

Akazungusha kofia mikononi. "Ni maneno tu, Mwalimu. Kama yale mnasema kanisani kila Jumapili, kwamba mmekosa sana. Kwani kila Jumapili mmekosa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na kwa sababu lilikuwa zuri lilinikasirisha. Niliinuka, nikaufungua mlango kiasi cha ufa, na kwa sauti yangu ya darasani, katika Kiswahili kilichopigwa pasi, nikawatangazia wageni kwamba mimi ni Mkristo na mwalimu, kwamba sijamkosea mtu yeyote, kwamba aliyeona uchafu ameuleta mwenyewe machoni mwake, na kwamba sitasema uongo mbele ya kondoo wala mbele ya mtu. Nilifunga mlango. Nilijisikia msafi sana, kwa muda wa kama kumeza mate.

Wakaondoka. Chakula cha mama mkwe ambaye hajatakaswa hakiliwi, hivyo hawakugusa hata maji. Shangazi Perepetua alipopita karibu na jiko hakusema kwa ukali, afadhali angesema kwa ukali. Alisema, "Pole, Mama. Tulikuja na furaha." Kuku wangu wote waliliwa jioni ile na wapangaji wa Mzee Makokha na madereva wawili waliokuwa wakingoja kuvuka, wakashiba, na kama malipo wakanipa jina. Kufikia Jumatatu nilikuwa Mama Darubini. Yule kifaranga aliyebaki alikuwa amekufa usiku wa Jumamosi, ndani ya kikapu cha pamba, na mama yake aliendelea kuja kwenye mpera na wadudu mdomoni, mpaka alipochoka.

Sitawasimulia yote ya mjini. Turniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wakiniona napita walifanya vidole vyao duara machoni. "Mama Darubini, ngoja kwanza nivae shati!" Mmoja, akiwa juu ya magunia, alijifunika kifua kwa mikono miwili kama msichana, na lori zima likaanguka kwa kicheko. Darasani kwangu niligeuka kutoka ubaoni nikakuta watoto wa safu ya nyuma wana vidole machoni, nikaendelea kufundisha. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri, kwa upole, nipumzike kidogo kusoma Neno mbele ya watu. Nilimuuliza nipumzike mpaka lini, akasema mpaka watu wachoke. Nyumbani niliifunga darubini ndani ya sanduku, chini ya mablanketi, na kichuguu kile sijakipanda tena wala sitakipanda, hata ndege wa peponi akija kutaga juu ya bafu la Mzee Makokha.

Lakini turniboi na wazee wa kanisa ningeweza kuwavumilia. Aliyenishinda ni Nabwire, ambaye kwa wiki nzima alinihudumia chakula kwa adabu kamili. Kisha jioni moja, akiwa anakwangua sufuria, akasema:

"Mama, ni kondoo tu."

"Si kondoo. Ni yale maneno."

"Basi sema maneno. Mimi napiga taipu maneno ya watu siku nzima. 'Kwa heshima na taadhima.' 'Nabaki mtumishi wako mtiifu.' Hakuna hata moja ninaloliamini, na mwisho wa mwezi tunakula."

"Unataka mama yako aseme kwamba alimfuata mumeo?"

"Nataka nitoke hapa nikiwa mke wa mtu, Mama, na wewe unaweza kuja kwangu. Hiyo tu."

Nikaanza kumweleza juu ya ukweli. Niliongea kwa muda, na nilipanga hoja zangu vizuri. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akaweka sufuria chini.

"Siku ile ulikimbia," alisema. "Sijawahi kukuona ukikimbia hivyo. Nilipoanguka na baiskeli pale darajani, nikavunjika mkono, ulikuja ukitembea. Ulikuwa unasema nisilie mbele ya watu."

Nilitaka kusema kwamba ninakumbuka, na kwamba siku ile ya baiskeli nilikuwa natembea kwa sababu magoti yangu yalikuwa hayana nguvu ya kukimbia. Lakini nilikuwa nimetumia maneno yangu yote kwenye hoja.

Wiki iliyofuata aliondoka. Hakutoroka, aliaga, akachukua sanduku lake dogo, akapanda basi la Malaba, akaenda kukaa na Ojiambo bila sherehe, bila baraka, bila shangazi wa upande wowote kumshika mkono. Shemeji Wandera alikuja kutoka Mundika kunieleza ambacho nilikijua tayari: kwamba kwa hali ilivyo, nyumba ile mimi siwezi kuikanyaga, na kwamba kama kutakuwa na mtoto, mikono yangu haitampokea.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda hata hivyo. Nilifunga kikapu cha unga wa wimbi na simsim, nikashuka Malaba, nikauliza nyumba za makarani wa mizigo. Ziko ng'ambo ya reli. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alinitazama mara moja, akaingia ndani kumwita, na Nabwire akatoka mpaka kwenye ukingo wa reli, hakuvuka, akanyoosha kiganja kunionyesha nami nisivuke. Ojiambo alikuwa ndani. Niliona pazia likitikisika, maskini, alikuwa akijificha ili asinivunjie heshima. Basi tukaongea hivyo, reli ikiwa katikati, tukipaza sauti kama watu wanaouziana samaki.

"Hujambo, Mama?"

"Sijambo. Nimekuletea wimbi."

"Weka hapo. Nitaichukua ukishaenda."

Nikaweka. Nilitaka kumuuliza kama anakula vizuri, lakini mabehewa ya mizigo yakaanza kupita, polepole, moja baada ya jingine, na katika nafasi kati ya behewa na behewa nilimwona vipande vipande: ameshika nguzo, ameinama, anatema mate, anajifuta mdomo kwa ncha ya leso. Mimi ni mama, sikuhitaji kuelezwa. Treni ilipokwisha kupita alikuwa amesimama wima tena na ananitazama kuona kama nimeona.

"Nenda, Mama," alisema. "Basi litakuacha."

Nikaenda. Ndani ya basi abiria mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akacheka, na kwa mara ya kwanza sikujali walikuwa wanacheka nini. Niliwaza tu kwamba watu ishirini waliona kwa macho yao mama mkwe akikimbilia bafu, na mimi peke yangu niliona kiota. Ukweli wangu ni safi kabisa na utabaki safi, na hakuna atakayelala ndani yake ila mimi.

Nilipofika nyumbani niliwasha taa, nikaandika barua hii. Naiweka hapa kama nilivyoipeleka posta asubuhi yake.

*

Mwanangu Nabwire,

Salamu nyingi. Nilifika salama.

Mzee Makokha nitamwambia mimi, lakini wewe mwambie Shangazi Perepetua kwa mdomo wako, kwamba waje, kondoo yupo. Siku watakayochagua ni siku yangu. Nitakaa nitakapoambiwa nikae, na watanipaka pale wanapotaka kunipaka.

Maneno nayo nitayasema. Nimejizoeza usiku huu, na ukiyasema haraka si marefu. Nitasema nilimwona, na nitasema nilimfuata. Shangazi akitaka niyarudie kwa sauti, nitayarudia kwa sauti ya darasani, waliosimama nje wasikie. Usimwambie mtu kwamba siyaamini. Wewe unajua, na hiyo itanitosha mimi.

Mwombe Ojiambo anisamehe kwa kumfanya ajifiche katika nyumba yake mwenyewe. Ni kijana mwenye adabu. Hata siku ile alikuwa na adabu.

Tangawizi ukiichemsha na maji kidogo asubuhi, kabla hujaweka kitu tumboni, kichefuchefu hupungua. Usibebe maji. Mwachie kazi hiyo mtu mwingine, hata kama watasema binti wa mwalimu ni mvivu.

Yakiisha, nitakuja tena. Nitavuka reli, nitabisha hodi mlangoni kama mgeni yeyote. Tafadhali usinikawize pale nje.

Mama yako.